Kiti cha Mshonaji

Kiwandani kwetu ndege mpya haikuruka mara ya kwanza mpaka mwanamke aliyeshona kitambaa cha mabawa yake awe amekaa kiti cha nyuma. Si mhandisi, si mkurugenzi. Mshonaji. Desturi hiyo ilianza zamani, kiwanda kilipokuwa banda moja la mbao nyuma ya kambi ya wapanda farasi, na maana yake ilikuwa wazi: ukishona ovyo, utakufa na uovyo wako. Mimi, Pelagia Wrona, nilipanda mara nyingi kuliko wenzangu wote na kila mara nilitapika. Rubani Gajda alikuwa ananipa ndoo kabla hata ya kunisalimia.

"Ndoo yako hii, Bi Pela. Karibu angani."

"Angani kwako au kuzimu?"

"Tutajua tukifika."

Mume wangu Teofil alikuwa mchoraji wa kiwanda. Aliingia kwenye banda lile akiwa kijana. Alichora ndege yetu ya kwanza, ya mbao tupu, kisha ile ya kubebea barua, kisha zile za mafunzo baada ya serikali kukinunua kiwanda. Mwishowe akaanza ndege ya bawa moja tu kila upande, ya chuma, ya kasi, na hiyo ilimnyima usingizi miaka minne. Haikuwahi kuruka. Ilikuwa kwenye karatasi tu, sanduku zima la karatasi, na niliionea wivu kama mtu anavyomwonea hawara wa mumewe. Supu inapoa mezani, yeye anapima pembe ya mkia!

Septemba ile vita vilipoanza, Wajerumani walitupiga mabomu asubuhi, watu wakiwa kazini. Boriti ya paa ikamwangukia Teofil mguuni, chini ya goti. Tulimtoa hai, nikamshukuru Bikira Maria, nikadhani yameisha. Wiki haikupita kidonda kikaanza kunuka. Daktari wa mji alishachukuliwa jeshini na hospitali ilishaungua. Tuliyebaki naye ni tabibu mmoja mzee, akakinusa kile kidonda, akanivuta pembeni.

"Huu mguu ukatwe, mama. Mimi sina vifaa wala dawa ya usingizi. Mjini Lwów wapo wapasuaji. Ila ukimpeleka kwa gari la farasi, utafika na maiti."

Reli zilikuwa zimekatika. Barabarani watu walikuwa wanamiminiwa risasi kutoka juu, na watoto wao mgongoni. Njia ilibaki moja, nayo ilikuwa imeegeshwa kwenye banda la nyuma: ndege ya mafunzo ya viti viwili, ya mwisho kabisa. Vipande vya bomu vilikuwa vimelichana bawa lake la chini mpaka mbavu zinaonekana.

"Itaruka?" nikamwuliza Gajda.

"Injini haina neno. Bawa ndilo limevaa matambara. Nishonee, Bi Pela, mimi nitaipeleka hata kwa shetani."

"Ipeleke Lwów. Kwa shetani utakwenda siku nyingine."

Kitani cha kiwanda kilikuwa kimeteketea. Nikaanza na mashuka yangu ya harusi, mazito, aliyoyafuma mama mkwe mwenyewe, kisha nikapita nyumba kwa nyumba nikiomba mashuka ya watu. Rafiki yangu Felka, mshonaji mwenzangu, alitoa kitambaa chake cha meza cha Pasaka, kile chenye mawaridi mekundu ya kutarizi. Alikitazama kidogo, akanitupia kifuani.

"Chukua kabla sijabadili mawazo."

Tulishona mpaka vidole vikatoka damu. Kisha tukapaka ile dawa ya kukazia kitambaa, inayolevya kichwa. Siku za amani kiwanda kilimpa kila mpakaji kikombe cha maziwa ili dawa isimdhuru. Sasa maziwa ya wapi? Tulipaka, tukatoka nje kutapika, tukarudi kupaka. Na muda wote huo nilikuwa na neno moja tu kichwani: kiti cha nyuma ni changu, na changu nitampa Teofil.

Dawa ilikuwa bado inakauka aliponitokea Mhandisi Lubicz, mkuu wetu, anasukuma mkokoteni kwa mikono yake mwenyewe. Juu yake kuna lile sanduku. Nililijua mara moja.

"Amri imetoka serikalini, Warszawa," akasema. "Michoro ya ndege mpya isiguswe na Mjerumani. Iondolewe au iteketezwe. Inakwenda na Gajda."

"Na Teofil?"

"Bi Pela..."

"Usinisemeshe kwa sauti ya padri wa mazishi! Nimekuuliza, na Teofil?"

Akavua kofia, akaivaa tena. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Angekuwa mbaya ningemkaba.

"Teofil ni rafiki yangu," akasema. "Lakini nchi hii kesho itahitaji ndege."

"Kesho ipi? Angalia kule!" Nikamwonyesha moshi upande wa magharibi, umesimama upana wa mji. "Hiyo ndiyo kesho yako!"

Nikamgeukia Gajda, nikamwomba aweke vyote viwili, mtu na sanduku. Nilimshika hadi koti. Akatikisa kichwa. Uwanja ulikuwa mashimo matupu, kimebaki kipande kifupi cha majani, na tangi lilikuwa limejaa mafuta. Uzito wa kimoja tu ndio ungepanda.

"Basi niambie," nikamwambia. "Kiti cha nyuma ni cha nani?"

"Cha mshonaji."

"Huu si wakati wa michezo ya kiwandani!" Lubicz akapaza sauti.

Gajda alikuwa mtu wa mzaha, hata mabomu aliyataja kwa mzaha. Siku hiyo uso wake ulikuwa mkavu.

"Bwana Mhandisi, narukia mashuka ya kulalia na kitambaa cha meza. Mshono wenyewe mimi siujui. Namjua mshonaji. Akikaa nyuma yangu, natulia. Akimweka hapo mtu anayempenda kuliko nafsi yake, natulia zaidi. Wewe ukiniwekea karatasi, sirushi. Tafuta rubani mwingine."

Rubani mwingine hakuwepo. Lubicz alikuwa na bastola kiunoni, na mkono wake uliigusa, nikauona. Kisha akakaa chini juu ya sanduku, yeye ambaye hatukuwahi kumwona ameketi mbele ya wafanyakazi. Akatoa kiberiti mfukoni, akaninyooshea.

"Iondolewe au iteketezwe. Basi teketeza wewe. Mimi mkono umekataa."

Felka na wenzake walikuwa wanamleta Teofil, wamemlaza juu ya mlango uliong'olewa. Homa ilikuwa imemkausha midomo. Alipoliona sanduku akajaribu kuinuka.

"Wanaipakia?"

"Unapakiwa wewe," nikamwambia.

Akautazama ule mkokoteni, akaona kiberiti mkononi mwangu. Teofil hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili.

"Pela, hapana. Hapana, mke wangu. Mguu wangu ni kitu gani? Nipige risasi, pakia sanduku."

"Nyamaza."

"Lubicz! Mzuie huyu mwanamke! Lubicz!"

Lubicz alikuwa ametugeuzia mgongo.

Nilimimina juu ya michoro ile mabaki ya dawa ya mabawa, nikawasha. Ilishika mara moja, kwa sauti, kama mafuta yanapoingiwa na maji jikoni. Teofil akalia. Alipovunjika mguu hakulia, alipooshwa kidonda hakulia, sasa alilia kwa kwikwi mpaka mlango ukatikisika mikononi mwa wabebaji. Jamani, sikuweza. Nilitia mkono motoni nikavuta karatasi moja iliyokuwa pembeni, yoyote, sikuangalia ni ipi. Nikaizima kwa sketi yangu, nikaikunja, nikamtilia ndani ya koti lake. Kovu ninalo mpaka leo.

"Umeniua," akaniambia.

"Sawa. Nimekuua. Panda."

Tulimfunga mikanda. Nilimbusu, akageuza uso, busu likaangukia sikio. Gajda akaning'iniza ile ndoo kidoleni ili niione, akaitupa majanini, akawasha injini.

Ndege ilikimbia, ikaruka kidogo, ikaanguka kwa magurudumu, ikaruka tena, ikapita juu ya miti kwa chupuchupu. Ilipoinama kugeuka nikaona mawaridi ya Felka chini ya bawa, mekundu, yametulia. Niliukodolea macho ule mshono mpaka machozi yakanitoka. Ulishika. Teofil hakuangalia nyuma hata mara moja, na nilimwangalia mpaka akapotea kabisa.

Wajerumani walifika, wakauliza michoro iko wapi. Nikawaonyesha majivu. Ofisa wao akanipiga kofi, kofi zuri tu, sikulisikia.

Wakati wa baridi ilikuja kadi kutoka Rumania, walikokimbilia watu wetu wengi waliovuka mpaka. Mwandiko niliujua kabla ya kuigeuza, herufi zimesimama wima kama alizoandikia michoro. Hakuna salamu, hakuna mke mpenzi. Iliandikwa hivi: "Mguu umekatwa. Niko hai. Katika sanduku zima, Pela, umeniokolea gurudumu la mkia."

Ndiyo ile karatasi niliyoivuta motoni. Nikamsomea Felka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nikacheka, nikacheka sana, kisha nikashindwa kunyamaza, ikabidi anishike yeye.

Kadi nyingine haikuja. Waliopitia Rumania walikwenda Ufaransa, na Ufaransa ilipoanguka wakatafuta meli, na si meli zote zilizofika. Vita vikaisha. Gajda sikumwona tena, wala Teofil sikumwona.

Siku nyingine ninapoisoma kadi namsikia kama alipokuwa akinitania kuhusu supu yangu, jicho moja amelifumba, na najua amenisamehe. Siku nyingine naisoma, maneno ni yaleyale, na kumbe ni tusi, tusi la mtu aliyechomewa maisha yake mbele ya macho yake. Ningemsikia akilisema mara moja tu kwa sauti yake ningejua. Sina wa kumwuliza.