Majani Matatu kwenye Kila Fundo

Maskini Bi Hadubini, safari hii mdomo ulimponza. Juzi shemeji yake, mume wa mdogo wake, alimtumia picha ya majani yaliyojaa bwawani kwao, akauliza, "Hili ni gugu vamizi au mmea wetu?" Yeye, chai mkononi, akaitupia jicho mara moja na kujibu kwa mbwembwe, "Gugu hilo. Tieni dawa." Miaka ishirini na mbili kwenye maabara ya mimea, nani wa kumbishia?

Leo sampuli ya majani hayo, ambayo shemeji alikuwa ameshaituma, ikafika kwa basi, ndani ya chupa ya maji. Akaimimina kwenye sinia jeupe. Lo! Majani yaliyogandamana pichani kama nywele zilizolowa, sasa yakafunguka moja moja. Mmea wa majini hautambuliwi nje ya maji. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanalijua hilo, na yeye ndiye anayewafundisha.

Akachukua lenzi. Gugu lina majani matano kwenye kila fundo la shina, kingo zake zina meno kama msumeno. Akahesabu. Matatu. Fundo la pili, matatu, kingo laini kabisa. Akashuka shina zima akitamani apate matano hata mara moja. Wapi! Ulikuwa mmea wao wenyewe, uliolisafisha bwawa lile tangu enzi za babu yao.

Akampigia shemeji. Simu ikaita weee, haikupokelewa. Akapiga tena na tena, jasho likimtoka chini ya feni.

"Mungu wangu, wasiwe wameshamwaga," akasema peke yake.

Mara ya nane akapokea mdogo wake, amejaa kicheko.

"Dada! Tulikuwa bwawani, simu tumeiacha ndani. Dawa yako kiboko! Tumemwaga jana, leo majani yote yamelala."

"Msiyaguse hayo maji! Sikuwaambia, ile ni sumu!"

"Sumu gani tena? Mbona samaki wamekuja juu wenyewe, hata wavu hatukutumia? Tumeokota ndoo nzima."

"Mmewaweka wapi?"

"Si jikoni! Watoto wamesusa, eti wananuka dawa. Mama ndiye anayefaidi, yuko kichwa cha tatu sasa hivi, si unamjua kwa vichwa? Nikupe umsalimie?"

Kabla hajajibu, akamsikia mama yao, sauti imekauka, akiomba maji ya kunywa.