Barabara ya Kina Mama

Lori lilimwaga mzigo mbele ya kibanda cha mashine, likaondoka. Dereva hakuzima hata injini. Irulayi alisubiri vumbi litue, kisha akaingia kwenye lundo miguu mitupu na kuanza kupekua kwa fimbo.

Haikuwa mifuko ya maziwa, wala ile ya madukani. Yalikuwa mabomba ya maji yaliyovunjikavunjika, maganda ya nyaya za umeme, na chini kabisa, imesokotana kama utumbo, mipira ya dripu ya hospitali. Mingine ilikuwa bado na damu iliyokauka ndani.

"Mookayi," aliita. "Njoo uone tulicholetewa."

Mookayi alitoka akifuta mikono kwenye sari. Jirani yake huyu ndiye aliyeshika naye kazi tangu serikali iwape mashine kina mama wa Mtaa wa Chini. Waliosha plastiki, wakaianika juani, wakaikatakata ikawa chenga. Chenga zilipelekwa kwenye mtambo wa lami, zikamwagwa juu ya kokoto za moto, zikayeyuka na kuzishika. Siku ya mafunzo mhandisi alisimama hapo hapo, akainua kipande cha bomba, akawaimbisha kama watoto wa chekechea: hii hapana. Ikipata moto, moshi wake unakula mapafu.

"Si ndiyo ile hapana?" Mookayi aliuliza.

"Ndiyo hiyo hiyo."

Masilamani, msimamizi wa mkandarasi, alifika kwa pikipiki. Hakushuka. Watu wa Mtaa wa Hekalu, wa tabaka la juu, hawakuwa na desturi ya kuweka mguu chini huku.

"Mbona mashine kimya?"

"Bwana, mzigo huu haufai. Mhandisi alitukataza."

"Mhandisi huyo huyo ndiye anayetaka barabara iishe kabla waziri hajaja. Mifuko ya maziwa imekwisha mji mzima. Nikuletee ng'ombe umkamue?"

"Anayemwaga chenga kule mtamboni ni mdogo wangu, bwana."

"Sevanthi? Nani asiyemjua! Mchapakazi yule, mdomo tu ndio mrefu. Mwambie ajifunge kitambaa puani." Akakanyaga gia. "Ng'ambo ya reli kuna wanawake wanaililia mashine hii, Irulayi. Wale hawachagui taka. Nyinyi siku hizi mmekuwa mabibi harusi?"

Alipoondoka, kina mama walikusanyika kivulini. Hakuna aliyepandisha sauti. Kabla ya mashine walikuwa wakizoa vyoo vya Mtaa wa Hekalu kwa mikono na vikapu, na kabla yao mama zao. Kila mmoja alitazama mikono yake.

"Tukate tu, dada," Mookayi alisema. "Si milele. Barabara ikiisha, imeisha."

Irulayi alichukua ndoo akaosha damu kwanza. Kisha akawasha mashine.

Jioni, wakinywa uji wa ulezi na kitunguu, alimwambia mdogo wake, "Ukiona chenga za kijivu na bluu, simama upande unakotoka upepo."

Sevanthi alicheka mpaka akaweka bakuli chini. "Dada, kile kijukwaa ni sawa na mkeka wa mtu mmoja. Nihamie wapi? Nirukie kwenye kokoto nikaange na miguu?"

"Basi kataa kumwaga."

"Nikikataa anapanda mwingine. Mimi narudi kwenye kikapu, na wewe unanikimbia kwa harufu." Akaokota kitunguu kilichobaki kwenye sahani ya dada yake, akala.

Moshi ulibadilika. Ule wa zamani ulikuwa wa kijivu na ulipanda juu. Huu ulikuwa mweupe, mzito, ukatambaa chini kama unatafuta kitu. Mwarobaini uliosimama kando ya mtambo ulikauka majani upande mmoja tu. Wanaume wa rola walijifunga mataulo usoni, na mbwa waliokuwa wakilala kwenye joto la kokoto walihama. Barabara ilizidi kusogea kuelekea hekaluni, nyeusi, laini, ikinyooka juu ya mapito ya zamani ya mikokoteni.

Sevanthi alirudi nyumbani macho mekundu kama aliyepakwa pilipili. Sauti ikakwaruza, kisha ikazama. "Nimekuwa mwanaume," alinong'ona. "Nitafutie mke." Akikohoa alishika ukuta. Usiku Irulayi alilala akimsikiliza, na asubuhi akaenda kibandani kukata mzigo wa siku hiyo.

Kuna asubuhi alizima mashine katikati ya kazi, akasimama tu, bomba mkononi. Mookayi alikuja kutoka kwenye mapipa ya kuoshea. Alinyoosha mkono akaiwasha tena, akarudi kwenye mapipa yake.

Walipofika kipande cha mwisho cha barabara, upepo ulikufa. Wanaume walimleta Sevanthi kwenye toroli la lami, midomo imekuwa ya zambarau, vidole vinachimba kifua chake mwenyewe.

Kwenye hospitali ya serikali walimlaza sakafuni, kati ya vitanda viwili. Daktari kijana alisimama juu yake, mikono mfukoni.

"Anavuta sigara?"

"Hapana, daktari."

"Mnapikia nini nyumbani?"

"Kuni."

"Basi ndiyo hizo kuni. Nyinyi tunawaambia kila siku."

"Si kuni, bwana. Ni mabomba. Wanayachoma mtamboni."

"Nani anayechoma mabomba?"

Irulayi alitazama mdogo wake pale chini. "Mimi ndiye ninayeyakata," alisema.

Daktari alimtazama kidogo, kama mtu aliyeongezewa kazi. Halafu akamwita mgonjwa mwingine.

Sevanthi alifariki alfajiri ya siku ambayo waziri alikuwa anakuja kuifungua barabara. Hakuwa na sauti ya kusemea. Walimleta nyumbani kwa mkokoteni, wakamwosha, wakamfunga kidevu kwa kitambaa, wakamtia yasmini nywelani.

Jua lilikuwa halijachoma bado Masilamani alipokuja. Alikuwa na inspekta wa polisi na mzee Sundaralingam, mkuu wa Mtaa wa Hekalu, amevaa msuli mweupe wa sherehe. Walisimama pale lami ilipoishia, mbele kidogo ya nyumba ya kwanza ya Mtaa wa Chini.

"Poleni," Masilamani alisema. "Ni pigo kwetu sote. Lakini mgeni yuko njiani. Ngoma za msiba zisilie mpaka aondoke. Na maiti asipite barabarani."

"Makaburi yako upande ule," Irulayi alisema. "Barabara inaelekea kule."

"Zamani mlikuwa mnapita wapi?"

"Zamani hakukuwa na barabara. Hii ameijenga yeye, bwana. Ameivuta yote ikamwingia kifuani."

Inspekta alivua kofia akajifuta jasho. "Mama, barabara ni ya serikali. Raia yeyote anapita."

"Basi tutapita."

Mzee Sundaralingam hakumtazama. Aliongea na inspekta kana kwamba Irulayi alikuwa mti. "Wakiwa hai wapite, nani kawazuia? Waende sokoni, waende shule. Lakini maiti wao hajawahi kupita mbele ya hekalu, enzi za babu yangu hakupita. Hatapita leo eti kwa sababu pamepakwa lami. Akipita, vijana wangu sitawaweza."

Inspekta alitazama saa yake, akavaa kofia. "Mmesikia. Kwa ajili ya amani, piteni mlikozoea."

"Na wewe oga, uvae sari ya kikundi," Masilamani alimwambia Irulayi. "Umo kwenye ratiba. Waziri mwenyewe atakuvisha shada."

"Siji."

"Ukifikiria mashine, utakuja."

Mfereji ulikuwa umefunguliwa kwa kupanda mpunga, na mashamba yote waliyozoea kuyakatiza na maiti wao yalijaa maji hadi kingo. Wanaume wanne walibeba jeneza la mianzi lisilo na kifuniko, wakashuka ndani ya tope. Ngoma zilibaki zimelala chini. Wanawake, kama ilivyo kawaida, waliishia ukingoni. Irulayi alisimama mbele yao, akiwatazama wanaume wanavyovuta mguu mmoja, kisha mwingine.

Ng'ambo ya mashamba vipaza sauti viliamka. Kitambaa kirefu kilikuwa kimetandazwa juu ya jukwaa: BARABARA YA KINA MAMA. Mtu alisifu takataka zilizogeuzwa neema. Alisifu mikono ya wanawake wanyonge waliojikomboa.

"Na sasa namwita kiongozi wao. Mama Irulayi!"

Yasmini zilidondoka majini, moja moja.

"Mama Irulayi, karibu jukwaani!"

Watu walisogea kule mbele. Mwanamke mwenye sari ya kijani ya kikundi alipanda ngazi, ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Irulayi aligeuka nyuma, akawatazama wanawake waliokuwa naye mmoja baada ya mwingine. Mookayi hakuwapo.

Kule shambani aliyebeba mbele kushoto alizama mpaka pajani. Jeneza liliinama. Kichwa cha Sevanthi kiliteleza, kikaegemea upande wa barabara, na wale wanaume wakabaki wamekwama hapo, hawawezi kwenda mbele wala kurudi. Mmoja wao alikuwa anapiga kelele kuomba msaada. Mdomo wake ulionekana ukifunguka na kufungika. Mookayi aliinamisha shingo, waziri akamvisha shada, na umati ukapiga makofi, ukaliitikia lile jina: Irulayi, Irulayi.