Kibao Kilichochelewa

Skrubu zilikuwa na kutu. Mama Ngazi alizimimina kiganjani, akazigeuzageuza kwa kidole gumba, kisha akamtazama mtunza stoo aliyempa.

Alidhani ni ubahili. Katika miaka yake ya kutundika vibao viwandani, hospitalini na kwenye kona za barabara alikuwa amekutana na wabahili wa kila namna, watu wanaojenga ghorofa nne halafu skrubu za kibao wanataka uziokote. Kwa hiyo hakukasirika bado. Alifungua mkoba wake wa turubai, akatoa pakiti ya skrubu mpya, akasema atatumia zake, zawadi kwa kiwanda.

Mtunza stoo akatikisa kichwa. Meneja amesema ni hizi hizi, na si nyingine.

Kibao chenyewe nacho kilikuwa na yake. Kilikuwa cha bati la manjano, chenye maandishi meusi: HATARI. USIKARIBIE MKANDA UNAOTEMBEA. Chini ya maandishi palikuwa na mchoro wa mkono uliobanwa. Kilikuwa kipya, harufu ya rangi haijakitoka, lakini mtu alikuwa amekisugua pembe kwa msasa, akakipaka grisi, na juu ya grisi akanyunyiza unga. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikiinua akakinusa. Akasema huenda ni mtindo mpya, kama zile suruali zinazouzwa zikiwa zimeshachanika magotini.

Shemeji huyo ndiye aliyekuwa mshika ngazi wake. Alikuwa mnene na mcheshi, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani: akishakanyaga kipago cha chini, hata tetemeko la ardhi lingeomba ruhusa kwanza. Mama Ngazi hakupanda ngazi ya mtu mwingine, wala ngazi iliyoshikwa na mtu mwingine. Jina lake lilitoka huko.

Meneja akaja, shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Alilazimika kupaza sauti, maana nyuma yake mkanda ulikuwa ukinguruma, ukipandisha magunia ya nafaka kutoka sakafuni hadi kwenye vinu vya ghorofani. Alionyesha ukuta wa tofali juu ya mkanda. Kibao kikae pale. Kazi ifanyike sasa hivi, wafanyakazi wengi wa huku chini wakiwa bado uani kwenye chakula, na mkanda usizimwe kwa sababu malori yanasubiri. Ngazi waiweke juu ya magunia, pembeni.

"Na kionekane cha siku nyingi," alimalizia. "Mkaguzi anafika mchana huu. Wakaguzi hawapendi kuona vitu vipya vipya."

Mama Ngazi aliutazama ukuta. Ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa zamani, na moshi na unga vikaugeuza kijivu. Kibao kikikaa mahali miaka, rangi iliyo chini yake hubaki safi. Hata ukikibandua, ukuta unakikumbuka. Ukuta huu ulikuwa kijivu kimoja toka juu mpaka chini, na hapakuwa na tundu hata moja. Akauliza kibao cha kwanza kilikwenda wapi.

Kilianguka, meneja akajibu.

"Kikaanguka na matundu yake?"

Meneja hakucheka. Alimuuliza kama amekuja kutundika au kuhoji, kisha akarudi ofisini kwake huku simu ikiwa tayari sikioni.

Palikuwa na mfagizi mmoja hapo, mama mtu mzima aliyekuwa akifagia unga kuwazunguka miguuni. Hakuwa ameinua uso tangu wafike. Sasa alilisogeza fagio karibu na mguu wa ngazi, akasema kwa sauti iliyoushinda mkanda kidogo tu, kana kwamba anazungumza na sakafu.

"Mkono wa Chiriku ulipita hapo."

Akaeleza huku akifagia. Chiriku alikuwa mfagizi mwenzake, aliyeitwa hivyo kwa sababu akishaingia getini hanyamazi mpaka atoke. Wiki iliyopita aliambiwa afagie chini ya mkanda huku ukitembea, maana kuuzima ni kuchelewesha malori. Mkanda ukashika mkono wa koti lake. Hapakuwa na kinga, hapakuwa na kibao, hapakuwa na chochote. Fundi mitambo, ambaye kila siku alikuwa akiomba kinga ifungwe, kesho yake alipewa likizo asiyoiomba. Chiriku yuko wodini, mkono umekatwa kwenye kiwiko.

Shemeji akaguna, akaliweka chini kopo la grisi alilopewa na mtunza stoo.

Mfagizi hakuwa amemaliza. Meneja alikwenda kumtazama mgonjwa na mfuko wa matunda, akamwambia kibao kilikuwepo na yeye akapita chini yake. Alikwenda tena siku ya pili, akamwambia hivyo hivyo. Ikithibitika kwamba alipuuza onyo, kosa ni lake, na kiwanda hakidaiwi kitu, hata dawa.

"Jana ameniuliza mimi," mfagizi alisema, na hapo fagio likasimama. "Ananiuliza, mwenzangu, hivi kweli kile kibao nilikiona nikakipuuza? Ameanza kuamini."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Mama Ngazi. Haikuja kwa kishindo. Alizifumba tu zile skrubu za kutu kiganjani mpaka zikamchoma. Mtu anakatwa mkono, halafu anafuatwa kitandani ili akili yake nayo ikatwe! Watu husema tahadhari kabla ya athari. Hapa athari imetangulia, na tahadhari inafuata nyuma ikiwa imepakwa grisi. Na wameona mwongo wa kuisimamisha ukutani ni yeye, tena kwa mikono ile ile iliyomlea na kumsomeshea wanawe.

Shemeji alimjua. Alianza kufunga mkoba, akasema waondoke. Mama Ngazi akamjibu kwamba wakiondoka, meneja atapiga simu kwa fundi mwingine, na kibao kitapanda tu, tena na kutu yake.

"Basi kitundike, shemeji. Mwenye nguvu mpishe. Huyu tajiri ana viwanda vitatu mjini hapa, na vyote sisi ndio tunavitundikia. Tukimkorofisha tutakula ngazi?"

Kilichomkera zaidi ni kwamba shemeji alikuwa sahihi pande zote mbili. Akikataa, Chiriku ameumia. Akikubali, Chiriku ameumia, na yeye ndiye aliyeshika bisibisi. Alisimama akiukodolea macho mkanda ule, magunia yanapanda moja nyuma ya jingine, na akahisi kama anaweza kuupiga teke. Kisha akamgeukia mfagizi, akamuuliza siku ile mkanda ulipozimwa watu walifanya nini.

Walikuja wote, mfagizi akajibu. Mkanda ukizimwa katikati ya zamu, king'ora hulia chenyewe. Hata wa ghorofani walishuka.

Mama Ngazi alizirudisha skrubu za kutu kwenye meza ya mtunza stoo. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa meneja, akausukuma bila kubisha.

"Mkanda uzimwe," alisema.

Meneja aliiondoa simu sikioni. Alimkumbusha habari ya malori. Alimkumbusha pia kwamba mafundi wa vibao wako wengi kama utitiri.

"Waite. Wakifika, mkaguzi atakuwa ameshakaa kwenye kiti chako anakunywa chai. Mimi ngazi yangu haisimami juu ya magunia, na sitoboi ukuta juu ya mashine inayotembea. Unataka nitundike kibao kinachosema usikaribie mkanda unaotembea. Sasa mimi niukaribie? Au unataka na mimi nikuletee kibao cha pili?"

Meneja aliitazama saa yake. Mtu mwenye haraka husikia anachotaka kusikia, na huyu alisikia fundi mwenye maringo anayetaka kubembelezwa. Aliwaza malori, akawaza mkaguzi, na king'ora na masikio ya watu havikumjia akilini. Akampigia simu mwendesha mkanda, akamwambia azime kwa dakika kumi tu.

Mkanda ulitoa mlio mrefu, ukasimama. King'ora kikalia.

Kilipokoma, kiwanda kilikuwa kimya kiasi kwamba watu walisikika wakija kabla hawajaonekana. Walitoka uani mbio, wengine chakula kikiwa bado mdomoni. Walishuka kutoka ghorofani wakigongana kwenye ngazi za chuma. Kijana mmoja mweupe kwa unga mpaka kwenye nyusi aliwasukuma wenzake akafika mbele, akakuta hakuna mtu kwenye mkanda, akaendelea kuuliza kwa sauti inayotetemeka, "Nani? Nani tena?"

Mama Ngazi alitoa mkobani utepe wa manjano na mweusi, akaufunga kutoka nguzo hadi nguzo, akawaomba wasimame nyuma yake. Aliifungua ngazi, akaikagua miguu, akaitikisa. Shemeji alimtazama kwa macho ya mtu anayeona viwanda vitatu vikiondoka kwa mpigo mmoja. Lakini alikanyaga kipago cha chini, kwanza mguu mmoja, halafu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakanyaga na wa pili, akaikumbatia ngazi kwa mikono yote.

Mama Ngazi akapanda. Kwa mafundi wa vibao ni desturi kutangaza kabla ya kutoboa, ili aliye chini ajue kinachoweza kumwangukia. Kwa kawaida hutosha kusema "natoboa". Alitaka kuongeza maneno yake kwa ukali, maneno ya kuwapasua watu masikio, lakini sauti ikatoka nyembamba. Hata hivyo ilifika, maana hapakuwa na kitu kingine cha kusikika.

"Jamani, natoboa hapa. Natundika kibao. Ni kipya, na hakijawahi kukaa hapa. Naomba mtu asivuke utepe."

Drili ikaanza. Chini ya ule ukijivu tofali lilikuwa jekundu, na vumbi lake likamwagika pembeni mwa mkanda mbele ya macho ya watu wote, likatua kwenye sakafu nyeupe ya unga. Alitoboa matundu manne. Alichomeka plagi za plastiki, akazigonga kwa upole. Akakifuta kibao grisi kwa kitambaa, upande wa mbele na wa nyuma, mpaka umanjano wake ukawaka. Alikipima kwa pimamaji mara mbili na kukirekebisha, kwa sababu kibao kilichopinda kingempa meneja neno la kusema. Skrubu zilizoingia zilikuwa zake, mpya, zinazometameta.

Ilikuwa imeingia ya kwanza tu meneja alipomaliza simu zake, akatoka ofisini. Aliuona umati, akasimama. Halafu akaja mpaka kwenye utepe, akamwamuru ashuke.

"Nikimaliza. Kibao hakiachwi kwenye skrubu moja, kinaweza kumwangukia mtu."

Meneja aliwageukia wafanyakazi, akawafokea warudi uani. Wa nyuma wakasogea hatua moja, wakasimama tena. Juu ya ngazi bisibisi iliendelea kuzunguka, ya pili, ya tatu, ya nne.

Mama Ngazi alipofika chini, meneja alikuwa akimsubiri karibu sana, akasema naye polepole ili wengine wasisikie. Yeye na ngazi yake hawataingia tena hapa wala kwenye vile viwanda vingine viwili. "Na hawa," akaongeza, "ni watu wangu. Wana nyumba, wana watoto. Watasema nitakachowaambia."

Mama Ngazi aliwatazama watu wale, na wengi walikuwa wakitazama viatu vyao. Hasira yake ikawahamia na wao. Alitamani kuwashika mabega mmoja mmoja, awaulize kama hawakuona, kama na wao wanangoja kuletewa mfuko wa matunda kitandani. Shemeji alimgusa kiwiko, akamwambia, "Yako umemaliza, shemeji," akaanza kuikunja ngazi.

Getini gari likapiga honi. Haikuwa honi ya lori. Mlinzi alisikika akiburuta komeo.

Meneja alijifuta uso kwa leso, akashusha pumzi. Aliung'oa utepe mwenyewe, akauviringa na kuutia mfukoni. Kisha akatazama chini, akaona vumbi jekundu limefanya kichuguu kidogo juu ya unga mweupe, chini ya kibao kabisa. Sauti yake ikageuka asali.

"Mama," alimwambia yule mfagizi, "hebu fagia hapo. Upesi."

Watu walimpisha. Alipita katikati yao na fagio lake, mgongo umeinama kidogo, mpaka akafika mbele ya lile vumbi. Alilitazama. Akainua uso akakitazama kibao, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma herufi moja moja. Meneja akarudia, upesi, mama.

Mfagizi akaliegemeza fagio ukutani. Akajipangusa viganja kwenye koti, akalizunguka vumbi bila kulikanyaga, akasimama kando yake, mikono ameifumbata kifuani. Yule kijana mwenye unga kwenye nyusi akatoka kwenye kundi, akaenda akasimama upande wa pili.

Nje mlango wa gari ulifungwa, na viatu vikaanza kupanda vidato vya mlangoni.