Kitambaa Mtutuni

Mlinzi wa shamba alikuwa anavaa buti kwenda kazini alipoona tone la mafuta likidondoka kutoka kwenye bunduki yake. Akaifungua, akainua mtutu kuelekea dirishani, akachungulia. Giza tupu. Akajipangusa jicho, akachungulia tena. Lo! Kitambaa cha kusafishia kilikuwa kimenasa katikati, kimetulia humo kama mpangaji aliyelipa kodi.

"Baba!" alifoka. "Hebu njoo hapa!"

Baba mtu ndiye aliyekuwa akifukuza nguruwe pori mashambani kabla yake. Alipostaafu alimwachia binti kazi na bunduki, ila kusafisha hakumwachia. Kila jioni aliipokea mlangoni, akatandika gunia mezani, akasukuma kitambaa kwa ufito, akapaka mafuta, akachungulia mwanga, ndipo akatangaza, "Mtutu safi." Kabla hajatangaza, hakuna aliyegusa chakula. Binti hakuwahi kukagua nyuma yake. Kukagua kungekuwa kumtukana.

"Kelele za nini asubuhi asubuhi?" Mzee alitokea chumbani.

"Umeacha kitambaa ndani! Ningefyatua, mtutu ungenipasukia usoni. Mngenizika kwa uzembe wako!"

"Uzembe? Mimi?" Mzee naye akawaka. "Nimeanza kusafisha mitutu wewe hata mimba yako haijatungwa! Jana nilichungulia, nikaona mwanga. Usinivunjie heshima."

"Mwanga gani huo, baba?"

"Jamani, majirani wanasikia," mama alisema kutoka jikoni.

"Wasikie!" binti alijibu.

Uongo wa mchana kweupe, tena kutoka kwa mtu aliyemchapa utotoni kwa uongo mdogo kuliko huo! Akakiacha kitambaa palepale kilipo, akamsukumia mzee mtutu mikononi.

"Haya. Tazama mwenyewe."

Mzee akauelekeza dirishani, akaweka jicho, akatulia kama ilivyo desturi yake. Alichukua muda wake.

"Mtutu safi," alisema. "Mwanga tele. Ndiyo maana wakasema mdomo huponza kichwa. Haya, niombe radhi."

Mama alitoka jikoni, mkono mdomoni. Hasira ilikuwa imempanda binti, na sasa hakujua aitupie wapi.

"Baba, tangu lini huoni?"

"Naona!"

"Kitambaa kimo humo humo. Sijakitoa."

Mzee alipitisha kidole kwenye mdomo wa mtutu, kikarudi kimelowa mafuta, hakikumwambia kitu. Akakaa kitini.

"Mkininyang'anya na hii," alisema, bado kwa ukali, "nibaki nafanya nini humu ndani? Nihesabu kuku?"

"Kwa hiyo bora unizike mimi?"

"Siku nyingine naona vizuri tu. Wallahi naona."

"Na jana?"

Mzee aliushusha mtutu magotini.

"Jana," alisema, "nilibahatisha."