Ekseli ya Suleiman

Mzee Mbwana aliifungua leso polepole, kama anayemfunua mtoto aliyelala. Ndani yake mlikuwa na kipande kirefu cha ekseli ya pikapu, kimepakwa mafuta ya nazi hata kikang'aa. Alikuwa amekipakata kutoka Kikoneni mpaka karakana ya Kheri, pale Ukunda.

"Shikamoo, ami," alisema Kheri.

"Marahaba, mwanangu. Shafti ya mashine yangu ya kusaga imelika. Nataka unikerezee nyingine kutoka kwenye chuma hiki."

"Nina chuma kipya, ami. Kizuri."

"Hiki ni cha Suleiman."

Kheri akakipokea. Habari za Suleiman alikuwa amezisikia. Mtoto wa pekee wa mzee huyu alikuwa akiteremka na shehena ya nazi, ekseli ikakatika, gurudumu la nyuma likachomoka, pikapu ikapinduka. Utingo alivunjika mguu. Suleiman hakufika hospitali.

Siku ya maziko, kabla ya maiti kusaliwa, Mzee Mbwana alisimama kumwombea marehemu radhi, kama ilivyo ada. Akasema, "Mwanangu alipenda mbio. Msameheni." Mwanapili, mkewe, aliyasikia maneno hayo akiwa ndani kwa wanawake. Alitoka na kusema mara moja tu kwamba Suleiman hakuwa mtu wa mbio. Tangu hapo humpikia mumewe, humwandalia maji ya kutawadha, na hakai naye tena barazani.

Kwa hiyo mzee alikuwa amewaza hivi: chuma cha mwanawe kikizunguka kila siku pale kinuni, kikawasagia watu unga, huenda Mwanapili angekuja kukaa karibu akisikilize. Alimwomba Mungu jambo hilo katika kila sala.

Kheri alivua pete na saa. "Sogea huko, ami. Mashine hii ya kukerezea ikilikamata pindo la kanzu, itakuvua mbele za watu kwanza, ndipo ikuue."

Mzee alicheka. Kicheko chenyewe kilimshangaza.

"Lakini chuma kilichokwisha kutumika sikitii mashineni kabla sijakiuliza," Kheri aliendelea.

Alikiosha mafuta yote, akakipaka mafuta ya taa, akaacha yapenye. Kisha alikipangusa kikauka kabisa, akakinyunyizia unga wa chaki. Wakangoja. Katikati ya ule weupe ukajitokeza mstari wa unyevu, mwembamba kama unywele, umekizunguka chuma nusu nzima.

"Ni mchubuko tu huo," alisema mzee. "Ukikereza utaondoka."

"Ni ufa, ami. Mafuta yalijificha ndani, sasa chaki inayanyonya. Mashine yako inakwenda kasi, na akina mama wanasimama pale na watoto mgongoni. Sikikerezi."

"Nakuomba, mwanangu."

"Niwie radhi. Siwezi."

Kheri alikigeuza ili akirudishe ndani ya leso, na macho yake yakatua mahali kilipokatikia. Mkono wake ukasita. Mzee aliuona ule msito.

"Nini tena?"

"Hakuna, ami."

"Kheri. Mimi nimemzika. Sema."

Kheri alimwonyesha kwa ncha ya kidole. Sehemu kubwa ya uso ule ilikuwa nyeusi, laini, ina kutu ya zamani. Sehemu ndogo tu ilikuwa ya kijivu, yenye chembechembe kama sukari.

"Hapa peusi palipasuka zamani, kidogo kidogo. Hiki kipande cha kijivu ndicho kilichokuwa kikishika peke yake mpaka siku ile. Hata angekwenda mwendo wa punda, kingekatika."

Mzee Mbwana alikaa chini, juu ya sakafu yenye maranda ya chuma. Aliikumbuka ile siku kwa muuza vyuma chakavu. Suleiman alitaka ekseli mpya. Yeye, mzee, akaiinua hii, akaigonga kwa nyundo, ikalia vizuri, akasema, "Sikia inavyolia! Hii itatuzika sote."

"Niliigonga," alisema. "Ililia."

Kheri alichuchumaa kando yake.

Simu ya mzee ikaita. Alikuwa Mwanapili.

"Ekseli uliyoichukua imefaa?" aliuliza.

"Haikufaa." Aliitazama ile sehemu ya kijivu. "Mama Suleiman, mwanao hakukimbiza gari. Chuma kilikuwa kibovu tangu mwanzo."

Mzee akamsikia akilia, kilio kilichokuwa kimezuiwa tangu maziko. "Alhamdulillahi," alisema Mwanapili. "Nilikwambia, mume wangu. Rudi nyumbani. Nitakungoja barazani."

Mzee aliibana simu sikioni kwa mikono miwili. Jambo lile aliloliomba kila sala lilikuwa limekuja, na alijua halitadumu hata mpaka jioni.

"Mwanapili," alisema, "usikate simu. Ekseli ile niliichagua mimi."