Tangulia Wewe

Asubuhi ya kwanza melini niliamka, nikaokota kandambili chini ya kitanda, nikagonga ukuta pa! pa! pa!, nikapaza sauti: "Umekufa?"

Nikatega sikio ukutani.

Kisha nikasikia hodi. Akaingia mhudumu wa chumba changu, mwanamume mzima mwenye upara na glovu nyeupe, akauliza kwa adabu kama kuna kitu kimeharibika. Nikamwambia hakuna, ni mazoea tu. Akatazama ukuta, akatazama kandambili mkononi mwangu, akasema, "Sawa, Mama," akatoka kinyumenyume. Najua alikwenda kuwaambia wenzake kwamba bibi wa chumba kikubwa ana lake jambo. Wacha waseme.

Chumba chenyewe, jamani, si chumba, ni nyumba. Kina sebule yenye makochi mawili, roshani ya kutazama bahari, kabati linalowaka taa ukilifungua, na hodhi la kuogea ambalo kuingia utaingia, kutoka ndiyo kazi. Nililijaribu mara moja, nikakaa humo mpaka maji yakapoa, natafuta pa kushika. Na kitanda! Kitanda kipana hivi kwamba upande wa pili sikuufikia hata kwa kunyoosha mkono. Kiliwekwa kwa ajili ya watu wawili. Wa pili hakuja, na ndiye niliyekuwa nikimgongea ukuta.

Ni mke mwenzangu. Usinikunjie uso, ngoja nikueleze.

Mume wetu alikuwa mpaka rangi wa meli. Kazi yake ilikuwa kuning'inia kwenye kamba ubavuni mwa meli, brashi mkononi, na jioni akirudi tunamsugua rangi masikioni. Watu wakisifu meli, yeye husema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa, na vikapakwa rangi na mimi." Ndani ya meli za namna ile hakuwahi kukanyaga. Lakini kila tulipogombana, mimi na mwenzangu, alikuwa akisema, "Iko siku nitawapandisha nyinyi wawili daraja la juu kabisa, mkagombanie huko katikati ya bahari nipate amani." Akafa bado anatuahidi. Watoto, wangu na wake, ndio waliokaa chini mwaka huu wakaamua kutimiza neno la baba yao.

Mwenzangu mtaa mzima unamwita Sindano, kwa sababu ni fundi cherehani, na kwa sababu ya ulimi wake. Mimi yeye ananiita Debe. Alipoletwa nyumbani nilimchukia, sitasema uongo. Tulikuwa tunasemeshana kupitia watoto: "Mwambie mama yako chumvi yangu si mali ya ukoo." "Mwambie Mama Mkubwa chumvi yake haina hata ladha." Vyumba vyetu vilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na niliujua usingizi wake kuliko ninavyoujua wangu.

Alipofariki mume, wageni walipoondoka, asubuhi moja niliamka sisikii kitu upande wa pili. Hakuna redio, hakuna cherehani, hakuna kikohozi. Nikachukua kandambili nikagonga: "Umekufa?" Sauti ikatoka kule, nzito ya usingizi: "Tangulia wewe!" Nikalala tena kwa raha. Tangu siku hiyo ndiyo salamu yetu. Hakuna asubuhi iliyopita bila hiyo, hata tukiwa tumenuniana. Hasa tukiwa tumenuniana.

Sasa usiku wa kuamkia safari, binti yake alituonyesha picha ya chumba kwenye simu. Sindano akaivuta karibu, akavaa miwani. "Kitanda kimoja?" akauliza. Watoto wakatazamana. Waliagiza chumba cha wawili, hawakufikiria kwamba wawili wengine si wawili. "Mimi na Debe kitanda kimoja? Marehemu mwenyewe hakuthubutu!" Tulicheka mpaka machozi. Lakini yeye akaacha kucheka kabla yetu, akakunja miwani, akasema, "Siendi."

Nilidhani mzaha. Wapi! Asubuhi alinikabidhi mkoba wangu, kaufunga yeye, maana mimi nikifunga mkoba hugeuka gunia la viazi. Amejizungushia kitambaa shingoni, mafua yake ya wiki kadhaa hayajaisha. Nikambembeleza, mimi, mke mkubwa, nikambembeleza mbele ya watoto! Akaniambia ninakoroma. Hapo damu ikanichemka. Nikamwambia, "Baki na cherehani lako likuzike!" nikaingia garini bila kugeuka nyuma. Nikaapa simpigii simu. Atapiga yeye kwanza, na ataomba radhi.

Basi ndivyo nilivyosafiri. Asubuhi ya pili sikutumia kandambili, niligonga kwa vidole tu, polepole, na sikusema kitu. Mchana nilikaa roshanini natazama bahari. Bahari ukiitazama dakika tano ni nzuri, ukiitazama saa tano ni maji. Nilikuwa na maneno tele ya kusema kuhusu abiria wenzangu, yule bibi mwenye kofia ya ungo, yule babu anayekula kama anakimbizwa, na hakuna wa kumwambia. Nilimwambia mhudumu. Akasema, "Ndiyo, Mama." Sindano angesema, "Na wewe wanakuonaje?" tungegombana mpaka jioni.

Chakula ndicho kiliniumiza zaidi. Meza ilikuwa imeandaliwa ya wawili, kila siku. Nikikaa, mpishi anakuja mwenyewe kuniamkia, na mtu wa kuhudumu anaondoa sahani ya pili, kijiko cha pili, glasi ya pili, mbele ya macho yangu, taratibu, asipige kelele. Nilitaka kumwambia aache. Ningemwambia amwachie nani? Upweke wa njaa una afadhali, unalalamikia njaa. Huu wa shibe sikujua niushike wapi. Nililia mbele ya samaki mzuri, nikasingizia pilipili, na samaki hakuwa na pilipili.

Simu niliiweka mezani kila mlo. Haikulia.

Siku ya tatu tulikuwa tumealikwa kula jioni na nahodha, sisi wa vyumba vikubwa. Kulikuwa na gauni nililoshonewa na Sindano kwa ajili ya hiyo siku, la buluu lenye maua meupe. Tulikuwa tumenunua kitambaa kimoja, tuvae sare, watu wajiulize kama ni mapacha, mmoja kashiba mwingine kanyimwa. Lakini langu nililivaa siku ya kwanza kwa kiherehere, nikalimwagia mchuzi. Basi asubuhi hiyo nikapekua mkoba mpaka chini kutafuta cha kuvaa. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, nikakuta gauni jingine la buluu lenye maua meupe. Lake.

Nikasema, haa, uzee umemwingia, kapakia gauni lake kwenye mkoba wangu. Nikalivaa kwa kejeli tu, nijionyeshe kwenye kioo jinsi lilivyonikatalia. Sindano ni mwembamba, mimi nguo yake hainipiti hata mkono.

Likaingia. Likanikaa mwilini kama langu.

Nikalivua haraka, nikaligeuza ndani nje, nikakaa kitandani kulitazama. Alikuwa amefumua mishono yote ya ubavuni. Ameongeza vipande viwili virefu, kimoja kila upande, ameoanisha maua na maua mpaka huoni kiungo. Mikono ameipanua, pindo amelishusha. Hiyo si kazi ya usiku mmoja. Macho yake siku hizi hayamruhusu, hushona asubuhi kidogo tu. Nikakumbuka kwamba mwezi mzima nyuma alinipima tena kiuno, nikamuuliza kwa nini, akasema, "Naona umeongezeka, Debe."

Mwezi mzima nyuma! Kabla ya picha, kabla ya kitanda. Alijua hatakuja. Ule ugomvi aliupima na kuukata mapema, akanivalisha, na mimi nikaingia garini nimeuvaa. Nikakumbuka kile kitambaa shingoni. Mafua gani ya kufunikwa shingo wiki kadhaa?

Kiapo changu nikakitupa. Nikampigia binti yake, kitinda mimba wake, ambaye nilimbeba mgongoni mimi wakati mama yake anashona sare za shule za watoto wa watu.

"Mama Mkubwa! Shikamoo! Unafurahia?"

"Marahaba. Mpe mama yako simu."

"Amelala."

"Amelala na jua hili? Mama yako hajawahi kulala mchana tangu nimjue. Mpe simu."

Halafu nikasikia anavuta pumzi kama alivyokuwa akifanya utotoni kabla ya kulia. "Alituapisha, Mama Mkubwa."

Ni uvimbe, shingoni, kwa ndani. Upasuaji ulipangwa siku hiyohiyo, na tarehe ya hospitali ikaangukia katikati ya safari. Aliwaambia watoto, "Debe akijua haendi. Na marehemu alituahidi wote wawili. Angalau mmoja wetu apande." Walikuwa hospitalini, wanangojea aitwe.

"Mwekee sikioni," nikasema.

Nilikuwa na maneno mazuri moyoni, wallahi nilikuwa nayo. Kilichotoka ni: "Mwongo mkubwa wewe!"

"Limekutosha?" akauliza. Sauti ilikuwa imekwaruza.

"Linanibana."

"Linakubana wapi? Nimeliachia mpaka kitambaa kikaisha! Sema unakula hovyo huko."

"Sindano, kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungenishikia kisu?" Nikasikia watu wanaongea karibu naye, magurudumu. "Wamekuja kunichukua. Livae usiku huu, usije ukalirudisha halijavaliwa." Na simu ikarudi kwa binti kabla sijasema lolote la maana.

Nilitoka mbio mpaka kwa wale wa mapokezi ya meli, gauni nimelivaa tena, kandambili miguuni, kichwa wazi. Nikamwambia ofisa nataka kushuka. Akaniambia bandari ya mbele tutaifikia kesho kutwa. Nikamwambia basi ageuze. Akataka kucheka, kisha akaniona uso, akaniletea kiti. Hapo ndipo nilipoelewa chumba kikubwa ni nini. Watakuletea kila kitu, ila kile ulichokiacha nyumbani.

Nikarudi chumbani kungoja. Binti alisema itakuwa kazi fupi. Haikuwa fupi. Nilipomuuliza kwa ujumbe, akajibu kwamba damu imetoka nyingi, wanaendelea. Mhudumu alileta chai, ikapoa, akaleta nyingine. Nilikaa upande wa kitanda ulio karibu na ukuta, kandambili mapajani. Nilikuwa nahofia kitu kimoja tu: kwamba neno la mwisho nililomwambia tukiwa uso kwa uso lilikuwa cherehani likuzike. Kila asubuhi nimemuuliza kama amekufa, mara zote kwa mzaha, na siku ninayotaka kuuliza kwa kweli sina ukuta wa kugonga.

Kwa nahodha sikwenda. Jua lilikuwa linaelekea kuchwa simu ilipolia.

"Ametoka, Mama Mkubwa. Ameamka. Lakini daktari amekataza asiseme hata neno moja, shingo imeshonwa."

"Mwekee sikioni."

"Mama Mkubwa, haruhusiwi..."

"Nimesikia, sina uziwi. Mwekee, nitasema mimi."

Nikasikia pumzi zake. Nazijua, nimezisikiliza nusu ya maisha yangu.

"Sindano, usijibu. Kwa mara moja tangu uletwe, funga mdomo unisikilize. Umekufa?" Sauti ikanigeuka, nikaikaza. "Najua unataka kuniambia nini. Nimekubali. Nitatangulia mimi. Mimi ndiye mkubwa katika nyumba ile, nimeingia kabla yako, nitatoka kabla yako, foleni ina utaratibu wake. Ole wako upite mbele yangu. Umenisikia? Sitaki kubaki na ule ukuta peke yangu."

Pumzi tu. Halafu nikasikia kitu kinagonga chuma, hafifu, kama mtu anayeogopa kuamsha watoto: pa. Pa. Pa.

"Mama Mkubwa," binti akasema kwa mbali, analia na kucheka, "amechukua kijiko, anagonga kitanda."

Nikaokota kandambili nikamjibu ukutani kwa nguvu zangu zote. Mhudumu alifungua mlango akanikuta hivyo, nimevaa gauni la buluu, nalia kama mtoto. Safari hii hakuuliza kitu. Akaurudisha mlango polepole.

Simu ilipokatika bahari ilikuwa bado ileile, na kesho kutwa ilikuwa mbali. Nililivua gauni nikalikunja vizuri, alivyonifundisha. Nikalala upande mmoja tu, wa ukutani, nikamwachia yeye nafasi yake.