Kiboko wa Mita ya Ishirini na Tano

Binti yangu Basma amekuwa bingwa wa mita hamsini mtindo huru hapa Burundi kwa miaka minane, na miaka yote hiyo hajawahi kushuka chini ya sekunde ishirini na saba. Mwezi uliopita alikuja gereji kwangu, Buyenzi, akaniambia mashindano ya Jumamosi ndiyo ya mwisho.

"Nishuke, nisishuke, mi naacha, papa."

Nilijifanya natafuta spana.

Kosa lake linajulikana. Akifika katikati ya bwawa huinua kichwa, mara moja tu, halafu anaendelea. Kichwa kikipanda miguu inazama, na katika mbio fupi kama hizo muda umeshapotea. Kocha wake, Elvire, amemfokea, amembembeleza, wapi. Akaamua kunifuata mimi. "Papa Basma, huyu mutoto anatafuta nini pale juu?"

Niliona haya kumwambia. Ananitafuta mimi.

Alijifunzia ziwani, Ruziba, akiwa na miaka saba. Mimi siogelei, maji na mimi ni paka na panya. Kazi yangu ilikuwa kusimama ufukweni na kuangalia viboko. Tulikubaliana: kila ukipiga mikono ishirini, inua kichwa unitafute. Ukiniona nimesimama, endelea. Ukiniona nimeketi, rudi mbio. Mara mbili niliketi, na mara mbili alirudi mzima, alhamdulillahi. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Mimi nilimkunja, akakauka hivyo hivyo.

Kwa hiyo kwenye mashindano yake mimi husimama mwanzo hadi mwisho, na walioketi nyuma yangu wananitukana. Mwaka jana nilijaribu dawa: nikabaki nyumbani. Akainua kichwa mara tatu. Nilipoambiwa nililia kama mjinga, nimejificha nyuma ya Toyota ya mteja.

Ijumaa nikaenda mazoezini. Nikavua viatu, nikashuka na suruali yangu upande wa kumalizia, ambako maji ni mafupi. Yakanifika kifuani. Nilishika ukingo kwa mikono miwili.

"Papa! We unaogopa maji!" Basma alipiga kelele kutoka ng'ambo.

"Naogopa sana! Kiboko angekuwa humu, mi ningeingia?"

Elvire alicheka. Basma hakucheka. Akajitupa majini. Nikahesabu mikono yake: kumi na tisa, ishirini, ishirini na mmoja. Kichwa hakikupanda. Alikuja moja kwa moja hadi akagusa ukuta kando ya bega langu.

"Apana kiboko," akasema akihema.

"Apana, mama. Kazi yangu imeisha."

Jumamosi, filimbi ilipolia, nilitaka kusimama kwa mazoea. Nikajizuia. Kama hatanitazama, nasimama kwa ajili ya nani? Niliketi, nimeshika magoti yangu kwa nguvu, na mwanangu akapita katikati ya bwawa uso wake ukiwa chini, mpaka mwisho. Ubao uliandika ishirini na sita nukta tisa. Watu wakaruka juu.

Hapo ndipo alipoinua kichwa, akanitafuta kati ya watu wote wale waliosimama. Akaniona nimeketi. Hata ubao hakuutazama. Alitoka majini, akaja kwangu mbio.